Kabichi Zisizo na Tundu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa kabichi, na ndani ya kabichi akawa kiwavi.

Hapo kale, huko milimani, palikuwa na kijiji kisichotia sumu shambani. Sheria yao ilikuwa moja: usimlishe mwenzio usichokula mwenyewe. Kabla ya mavuno walizunguka shamba kwa shamba. Wageni huchuma jani popote watakapo, mwenye shamba hulitafuna papo hapo, bichi, halijaoshwa. Akikataa, mazao yake hayaingii kapu moja na ya wenzake kwa misimu mitatu.

Sasa mjane mmoja, Nakiete, viwavi walimwandama. Akamwaga majivu, wapi. Akanyunyiza maji ya pilipili, wapi. Akawaokota kwa mkono, wapi. Mwisho akanunua dawa kwa mchuuzi mpita njia, akapulizia matuta matatu ya nyuma. Viwavi wakafa. Usingizi wake nao ukafa. Ndiyo, chekeni tu, hayajawafika.

Siku ya kukaguliwa, Nakiete akawaongoza wageni matuta ya mbele.

Mzee Mbonea, mkuu wa ukaguzi, akachuma jani. Nakiete akatafuna, akameza.

Mke wa Mbonea akachuma. Nakiete akatafuna, akameza.

Akabaki Namsifu, shoga yake wa tangu utotoni. Huyo akapita ya mbele, akapita ya katikati, akaenda moja kwa moja matuta ya nyuma. Nakiete akamfuata mbio.

Namsifu akachuma jani. "Shoga yangu ametafuna vya kutosha," akasema. "Hili nitamtafunia mimi."

Haya, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Akinyamaza, amepona. Akisema, misimu mitatu. Jani likafika mdomoni. Nakiete akaruka, akalipokonya.

"Usile, Namsifu. Nimetia sumu."

Mzee Mbonea akashusha pumzi. "Misimu mitatu, mama. Na matuta haya yang'olewe."

Watu wakaondoka. Nakiete akakaa chini, akalia. Namsifu akashika jembe, akaanza kumsaidia kung'oa.

"Nilijua tangu nilipoingia," akasema. "Kabichi za kijiji kizima zina matundu, hizi hazina hata moja. Ila sikujua kama utaniacha nimeze."

"Na ningekuacha?"

"Ningelitema, nikaenda zangu. Na mlango wako nisingeujua tena."

Ngano yangu naifukia hapo, tutani. Mwenye jani mdomoni, amwulize aliyelilima.