Bi Nguchiro na Nyumba Isiyoisha

Hapo zamani za kale, wanangu, kichuguu kilipokuwa nyumba ya heshima, aliishi Bi Nguchiro, mjenzi asiyejua kupumzika.

Alihamia kwenye kichuguu kikuukuu akaanza kukitoboa. Asubuhi dirisha, mchana mlango, jioni dirisha jingine la kuuchungulia ule mlango. Uji ukaungua jikoni, yeye hana habari.

"Shoga, hiyo ni nyumba au chujio la tui?" jirani yake Kanga alimcheka.

"Bado haijakaa sawa," alijibu, akaendelea kukwangua. Kwaru, kwaru.

Siku moja, jua kali, alikuwa nje akikanda udongo. Fisi akaja. Hakupiga hodi. Alijipenyeza kwenye mlango mkubwa hadi ukumbini. Watoto wa Nguchiro wakakimbilia jikoni, nyuma ya mafiga.

"Leo nawala wanao," Fisi alisema.

Moyo wa mama ulidunda, du, du, du. Lakini mikono haikuacha kukanda.

"Hutawapata, shemeji. Ukiwafuata huku, watatokea kule. Matundu ni mengi mno. Labda uyazibe kwanza. Hata mimi nimechoka kuiona nyumba haijakandikwa."

Fisi akacheka. "Kumbe ni kweli wasemavyo. Kwako ukuta ni bora kuliko mtoto. Haya, lete udongo."

Bi Nguchiro akampitishia mlangoni, donge baada ya donge. Pwaa! Tundu likazibwa. Pwaa! Jingine.

"Pale juu umesahau, shemeji. Lainisha kwa kiganja."

"Usinifundishe kazi."

Fisi akiwa amewapa mgongo, watoto walipenya mmoja mmoja katika tundu jembamba la moshi, wakajificha nyuma ya mama yao.

"Umebaki mlango huu mkubwa," alisema Bi Nguchiro.

"Nao nauziba. Wewe baki huko nje ulie."

Pwaa!

Giza. Fisi akapapasa chumba hadi chumba, akaambulia majivu. Aliporudi mlangoni, jua lilikwisha kuugeuza udongo kuwa jiwe.

"Shemeji, nifungulie," sauti ilitoka kwenye tundu la moshi.

Bi Nguchiro aliizunguka nyumba, akagusa ukuta kwa kidole.

"Hapa kushoto hujalainisha vizuri," alinung'unika.

Akawachukua wanawe hadi kichuguu kingine, na kabla jua halijazama ikasikika: kwaru, kwaru.

Basi, wanangu, anayeziba njia za wenzake akumbuke yeye atatokea wapi.