Zimwi na Sinia la Mwanahija

Sogeeni, hadithi imeiva.

Zimwi lilijigeuza mtu, likatafuta kibarua cha kuvuna mpunga. Kwa mwenye shamba wa kwanza likaandaliwa ukoko, likammeza. Kwa wa pili, ukoko tena, likammeza. Likafika kwa mjane Mwanahija.

Adhuhuri Mwanahija akaweka sinia moja. "Karibu tule, baba. Umeinama tangu asubuhi."

Lilipokunjua mikono kunawa, akaona makucha. Akajua si mtu, lakini sinia hakuliondoa. Aliyetoka jasho ana haki ya kushiba. Akalisogezea mnofu wa samaki.

Zimwi likala, likashiba, likalia. "Mama, nilikuja kukumeza. Nitammezaje niliyekula naye?"

Likawatapika wale wawili, wazima. Likalipulizia ghala la mjane, ghala likajaa mpunga pomoni. "Ahsante kwa wali," likasema, likatoweka.

Mpaka leo kijijini kule mvunaji hupakuliwa kwanza. Wanaopakua ni wale wawili.