Nusu Ukurasa wa Mzee Mwinjuma

Mwanamke mwenye utungu akimwonea haya mkunga, haya hiyo huweza kumgharimu mtoto. Vivyo hivyo, mwenye kosa akilificha kwa yule awezaye kulirekebisha, hujinyima msaada mwenyewe. Mwanahija binti Dadi aliijua maana hiyo kwa vitendo.

Mwaka 1971 Mwanahija alikuwa karani wa baraza la usuluhishi wa kazi mjini Bagamoyo. Mwandiko wake ulinyooka kama mishono ya mkeka. Shauri lililomtia majaribuni lilikuwa la Rehani, mfanyakazi wa shamba moja la mkonge njia ya Msata. Rehani alifukuzwa kwa kuiacha mashine ya kusindika mkonge ikizunguka bila mtu. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya shamba, hivyo kazi ikipotea, yeye, mkewe Zuleha na watoto wanne wangehama.

Barazani, mnyapara wake, Mzee Mwinjuma, alieleza kwamba yeye ndiye aliyemwamuru Rehani aiache mashine ampeleke zahanati mwenzake aliyekatwa kidole. Baraza likaamua arudishwe kazini. Mwajiri akakata rufaa Dar es Salaam. Huko mashahidi hawaitwi. Mwamuzi wa rufaa husoma kumbukumbu za shauri tu.

Mwanahija alipolifungua jalada ili alitume, alishtuka. Chini ya jina la shahidi wa tatu, Mzee Mwinjuma, palikuwa na nusu ukurasa mtupu. Chuoni, alikosoma Kurani utotoni, alifundishwa kwamba mtu mzima akisema, mikono hutulia. Siku ile aliweka kalamu chini, akasikiliza kwa adabu, kisha shahidi mwingine akaitwa.

Alikwenda kwa mwenyekiti, Bwana Rajabu.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Mbona uso wa mfiwa?"

Alipokwisha kueleza, Bwana Rajabu alicheka. "Ndilo hilo tu? Sote tulimsikia. Jaza! Wino ni uleule, mkono ni uleule."

"Siku siyo ileile, Bwana."

"Ukikiri, watasema tuliamua bila ushahidi. Rehani atatupwa nje, na wewe utauza visheti mtaani Dunda."

"Visheti vyangu vinavunja meno, Bwana, sitapata mteja. Lakini sijazi."

Jioni hiyo alimfuata Rehani, akamweleza mwenyewe.

"Dada, maneno yote yale ya mzee hukuandika hata moja?"

"Hata moja."

"Na kalamu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Rehani aliinamisha kichwa. "Basi umenimaliza."

 Kesho yake Mwanahija aliambatisha barua kwenye jalada: shahidi wa tatu alisikilizwa, maneno yake hayakuandikwa, kosa ni la karani, na shahidi yu hai, anapatikana kijijini Mkange. Hakuongeza sifa wala kilio. Ujasiri wa namna hiyo ni adimu, kwa kuwa hauna anayeupigia makofi.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Mwajiri alikuwa na nakala ya jalada, iliyotolewa wiki ileile ya uamuzi, na nusu ukurasa mtupu ulionekana wazi. Wakili wake alikuwa akisubiri pengo hilo lijazwe. Kama pengo lingejazwa, jalada lingepingana na nakala hiyo, na lote lingetiliwa shaka. Badala yake mwamuzi aliandika kwamba kasoro imekiriwa na aliyeifanya, na inatibika: shahidi asikilizwe upya, na hadi hapo Rehani asiondolewe nyumbani. Mwanahija alipewa karipio la maandishi. Alilitia saini bila kunung'unika.

Siku ya kusikilizwa upya, wakili wa mwajiri akiwa mbele yake, Mwanahija alisimama. "Shikamoo, mzee. Uniwie radhi, leo nitaandika ukiwa unasema."

"Marahaba, mwanangu. Andika. Nikikimbia, nivute kanzu."

Alimsimamisha mara nne, akamsomea kila alichoandika, naye mzee akasahihisha mahali pamoja. Wakili alimhoji saa nzima, lakini maneno hayakuyumba. Kurasa mbili na nusu zilipelekwa Dar es Salaam, na uamuzi ukathibitishwa. Rehani akarudi kazini.

Kabla ya kuondoka mjini alipita ofisini. "Dada, nilisema umenimaliza."

"Ulikuwa na haki ya kusema."

"Ungenyamaza, ndipo ungenimaliza kweli."

Kama Mwanahija angelifunika pengo lile, Rehani asingelipata haki yake. Hakika, mficha uchi hazai.