Bangili Ndani ya Mashine

Hapo Korogwe aliishi Siwatu, mwanamke wa sauti ndogo na macho makali. Alipoachika, mahakama iliamuru mtalaka wake, Shemweta, amrudishie mashine ya kusaga aliyorithi kwa mama yake. Shemweta, tajiri wa malori, aliificha, kisha akaapa kwamba imeibwa. Mawakili walimwogopa, kila mmoja akamkatalia Siwatu, mpaka alipompata Wakili Nakijwa.

“Kesi naichukua,” alisema Nakijwa, “lakini dalali wa mahakama hawezi kukamata kitu kisichoonekana.”

“Hilo niachie mimi,” alijibu Siwatu, akamnong’oneza jambo.

Jioni ile alikwenda kwa Shemweta, machozi yakimlengalenga.

“Baba Hemedi, nimechoka kuhangaika na mawakili. Mashine na ipotee. Ila ikionekana, nirudishie bangili za dhahabu za marehemu mama. Nilizificha ndani yake, chini kabisa.”

“Pole sana,” alisema Shemweta, akijikaza asicheke. “Ikionekana nitakuletea.”

Alfajiri Shemweta aliendesha gari mbio hadi zizini kwa kaka yake, akafukua rundo la nyasi na kuanza kuifungua mashine nati moja moja. Grisi ilikuwa imemfika viwikoni aliposikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa Siwatu, pamoja na Nakijwa na dalali wa mahakama. Walikuwa wamemfuata tangu nyumbani kwake.

“Humu hamna bangili yoyote!” alifoka Shemweta.

“Najua,” alisema Siwatu. “Sasa ifunge vizuri, gari la kuibeba liko nje.”