Kicheko cha Bibi Lubaba

Wametuhadithia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa kale wa Qasriya, mtaa wa wafumaji, aliishi mcha Mungu mmoja aitwaye Bibi Lubaba, aliyesifika kwa kulia. Akisikia adhana, analia. Ukiandama mwezi, analia. Wanawake waliwapeleka watoto wao watukutu wakamtazame, na njiani wakirudi waliwaambia, "Umemwona? Yule hajapata kucheka tangu azaliwe." Bibi Lubaba aliyasikia maneno hayo, na ingawa kila mara aliomba maghufira, moyoni yalimpendeza kidogo.

Ijumaa moja watu walipokuwa wakitoka kuswali, Amiri Sawadi, mtawala wa mji, alipita mtaani juu ya nyumbu wake, kilemba kipya kichwani, akiitikia salamu kwa kidole kimoja. Nyumbu akaona fungu la mchicha kwa muuza mboga, akainamisha shingo ale. Amiri, ambaye hakuwa amepewa habari, akateleza juu ya shingo ile taratibu, kwa heshima zote, mpaka akafika chini na kukaa kitako ndani ya karai la mtindi.

Watu wakakosa pa kutazama. Wengine walitazama mbingu, wengine walitazama viatu vyao. Ndipo, katikati ya wanawake waliojitanda shungi, kikasikika kicheko kimoja kikali kama sauti ya kuku aliyetaga.

Kilikuwa cha Bibi Lubaba. Hakukusudia. Kilimtoka kama chafya, na kabla hajakizuia kilikuwa kimeshamfikia Amiri.

"Nani huyo?" Amiri akauliza. Watu wakazidi kutazama viatu vyao. Akainuka, mtindi ukimchuruzika, akaamuru tanuri la mtaa litiwe muhuri, lile tanuri ambalo kila nyumba ilipeleka donge lake la unga likaokwe. Lisifunguliwe mpaka aliyecheka atolewe.

"Mimi si dhalimu," akawaambia. "Nimepima. Mtaa mmoja ukikosa mkate kwa muda, mwenye kosa atapatikana, na mji mzima utashika adabu kwa miaka mingi. Hasara ndogo, faida kubwa. Hayo ndiyo maslaha ya watu."

Wafumaji wakajaribu kuoka juani. Mkate uliotoka ulikuwa mgumu kiasi kwamba mzee mmoja aliuegemeza mlangoni usifungwe na upepo. Wengine walikunywa uji asubuhi, na jioni wakaunywa uji ule ule wakiuita mchuzi. Wakubwa waliweza kutaniana. Watoto walilia.

Bibi Lubaba alikuwa akivisikia vilio hivyo akiwa kwenye msala wake. Kila alipoazimia kwenda kukiri, alijiuliza watu watamwonaje, yeye Bibi wa machozi, kumbe ndiye aliyecheka kama kuku. Akarudi kukaa, akalia, safari hii kwa uchungu hasa. Majirani waliomsikia wakanong'onezana, "Msimsumbue. Anatuombea."

Hatimaye wakubwa wa mtaa wakakusanyika mbele ya tanuri, chini ya dirisha la Bibi Lubaba. Aliyewaongoza alikuwa Hamdani mwokaji, aliyekuwa amechoka kukaa bure.

"Tumpeleke Dihya," alisema.

Dihya, mchota maji, alikuwa amesimama pale pale na kiriba chake begani. "Mimi? Ijumaa ile nilikuwa kisimani!"

"Tunajua, ndugu yetu. Ndiyo maana tunakuomba kwa upole."

"Kwa nini mimi, Hamdani?"

"Huna mke, huna mtoto. Ukichapwa na kufukuzwa mjini, atalia mtu mmoja tu, na mtu huyo ni wewe mwenyewe. Akienda mwingine, italia nyumba nzima. Tumepima, Dihya."

"Mizani mmeshika nyinyi, na nyama ni mimi!"

Lakini walikuwa wameshaanza kumfunga mikono. Walimfunga kwa uzi laini wa hariri, wasije wakamwumiza.

Bibi Lubaba akashuka ngazi mbio, shungi likimwendea upande. "Mfungueni! Niliyecheka ni mimi!"

Hamdani akamtazama, machozi yakamlengalenga. "Subhanallah! Mnawaona waja wema? Anataka kubeba kosa asilolitenda!"

"Nimelitenda, Hamdani!"

"Na unyenyekevu juu yake!"

Mwanamke mmoja akapiga magoti akabusu pindo la shungi lake. Kila alivyozidi kukiri, ndivyo walivyozidi kumwomba dua. Basi akaandamana nao mpaka kwa Amiri, akikiri njia nzima, na njia nzima watu wakisema amina.

Hata Amiri hakumsadiki. "Bibi, nenda nyumbani ukaswali. Ninaye mtu wangu."

"Huyo siye, Bwana Amiri. Ukimchapa Dihya, utakuwa umemchapa aliyekuwa kisimani, na aliyecheka atabaki mtaani akibusiwa nguo."

"Hata hivyo watu wataogopa, na faida itapatikana."

"Faida gani? Ijumaa ile ulichekwa na mtu mmoja. Tangu ufunge tanuri, watoto wetu wamebuni mchezo: mmoja nyumbu, mmoja Amiri, mmoja karai. Na wanagombania kuwa karai! Kicheko kimoja umekifanya cha mji mzima, nawe unaniambia umepima." Akavuta pumzi. "Na hata kama hesabu yako ingekuwa sawa, mbele ya Mola watu hawajumlishwi. Kila mtoto atakuja na njaa yake peke yake, akuulize alikosa nini."

Amiri akasogea mbele kitini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kweli wanagombania kuwa karai?"

Hapo Bibi Lubaba akashindwa. Kikamtoka kicheko kile kile, kikali, kikazunguka ukumbi mzima. Hamdani akaduwaa. Amiri akaruka kitini.

"Ndicho! Ndicho hicho!"

"Nisamehe, Bwana wangu," alisema Bibi Lubaba, akijifuta macho. "Nilikukosea heshima, kisha nikaipenda sifa yangu kuliko mkate wa watoto. La kwanza lilinitoka. La pili nililifanya kila siku. Niadhibu mimi."

Amiri akarudi kukaa kitini. "La kwanza nimekusamehe," akasema. "La pili hukunikosea mimi. Mfungueni Dihya, na tanuri lifunguliwe."

Asubuhi yake Dihya alipita mtaani na kiriba chake kama kawaida. Aliwapa maji wajane, akawapa wagonjwa, akawapa wote ambao hawakuwapo mbele ya tanuri siku ile. Mlango wa Hamdani akaupita. Akapita na milango ya wale wengine waliomfunga, mmoja mmoja, bila kukosea hata mmoja. Alipofika kwa Bibi Lubaba, akasimama.

"Bibi, wewe ulikuja. Lakini ulikawia. Leo teka mwenyewe."

"Hiyo ni haki yangu, mwanangu," akasema. Akatwaa mtungi wake, akaenda kisimani akapanga foleni nyuma ya Hamdani, na hapana aliyebusu nguo yake.

Haki ina kazi ya kuchosha: hupita mlango kwa mlango na kuuliza kila mmoja alifanya nini. Anayeona uvivu huadhibu mtaa mzima, kisha akauita uvivu huo hekima. Mola atujaalie subira ya kuuliza, na ulimi wa kukiri mapema, kabla mwingine hajafungwa kwa ajili yetu.