Mgeni Rasmi wa Darasa la Ushonaji

Palikuwa na tajiri mmoja wa saruji, Bwana Ngwamba, aliyeuahidi mtaa ukumbi kisha akautaka tena uwe ghala lake. Akaipa kamati ya kujitolea siku saba iondoe humo darasa lake la ushonaji.

"Tutaondoka, bosi," alisema Bi Zamda, katibu wa kamati. "Ila siku hiyo tunakuomba uwe mgeni rasmi. Kuna kitambaa cha kufunua."

Ngwamba hakuwahi kukataa ugeni rasmi. Alikuja na suti mpya na wapiga picha watatu, akakivuta kitambaa kwa madaha. Vigelegele vikarindima. Ukutani kulikuwa na jiwe la marumaru: "Ukumbi wa Ushonaji, zawadi ya kudumu ya Bwana Ngwamba kwa wanawake wa mtaa."

"Tabasamu, mlezi wetu," Bi Zamda alimnong'oneza. "Unapigwa picha."