Misuli ya Bwana Fisi

Ulikuwa mwaka ambao hata vyura walikohoa vumbi. Mto ulikauka, bwawa likakauka, na umande ukakatisha safari za kuja nchi ile. Maji yalibaki mahali pamoja tu: ndani ya Mwamba wa Ufa, kwenye chemchemi iliyozibwa na jiwe kubwa. Na mlango wa mwamba huo ulikuwa ufa mwembamba, mnyama apite ubavu ubavu huku ameshika pumzi.

Nguruwe Pori, mwenye nguvu za kung'oa mti, alijaribu kwanza. Hakupita hata bega. Akaja Kicheche, mwembamba kama ufito. Aliingia akiimba, akalisukuma jiwe mpaka macho yakamtoka, na jiwe halikutikisika.

Simba naye aliingiza kichwa, manyoya ya shingo yakanasa, akajichomoa haraka na kutazama huku na huku. "Nilikuwa nachungulia tu," akasema. Hakuna aliyecheka. Kwa Simba watu hucheka wakifika nyumbani.

Ndipo alipotoa amri. "Namtaka mnyama mmoja ajenge misuli ya kusukuma jiwe, na asiote mafuta ya kumziba mlangoni. Nampa siku arobaini. Akifaulu, maini ya mawindo yangu yote ni yake mpaka mvua inyeshe. Akinipotezea siku zangu, ngozi yake nitaitandika niikalie."

Bwana Fisi alisikia neno maini. Hayo ya ngozi hakuyasikia, kwa maana masikio yake yalikuwa yamejaa mate.

"Mimi hapa, Mfalme!" akapiga kelele. "Mwili huu wa chuma! Ungeniona ujanani, nyati alikuwa akinipisha njiani!"

Sungura akateuliwa kuwa mwalimu wake wa mazoezi. Alimzunguka Bwana Fisi mara mbili, akambonyeza tumbo kwa kidole, kidole kikazama.

"Kazi ipo," Sungura akasema. "Sikiliza, bwana. Kila alfajiri utabeba mawe ishirini kutoka bondeni mpaka kileleni. Mchana utaletewa mnofu mtupu kutoka jikoni kwa Mfalme. Mafuta usiguse hata kwa ulimi. Ukila mafuta, ufa hautakupitisha. Ukishinda na njaa, utapita, lakini jiwe litakuona kama nzi. Umeelewa?"

"Hakuna njia ya mkato, mwalimu?"

"Ipo. Unabeba mawe ishirini na tano."

Bwana Fisi akarudi nyumbani amenuna. Siku ya kwanza alibeba mawe matatu, la nne akalikalia. Alipokaa hapo akitweta, upepo ukamletea harufu. Pua ya fisi haidanganyi, uongo wote uko mdomoni. Akaifuata harufu mpaka kwenye matete ya bwawa lililokauka, na huko, lo! Kiboko mzima, marehemu, amelala kwenye tope kavu na shahamu nene kama godoro.

Bwana Fisi alilia kwa furaha. Halafu akafikiri, kitu ambacho hakukizoea, na alipomaliza akakimbia nyumbani kwa mkewe, Bi Siwema.

"Mama watoto, mwalimu ametoa agizo jipya. Misuli ya mume hukua akipumzika. Kwa hiyo mawe abebe mke."

Bi Siwema akamtazama. Nyuma yake watoto watatu walikuwa wakilamba ukuta wa pango, wakitafuta unyevu.

"Mwalimu kasema hivyo?"

"Kwa kinywa chake! Unabishana na elimu?"

"Sibishani. Watoto wana kiu. Mawe yako wapi?"

Tangu siku ile, alfajiri Bi Siwema alipanda kilima na mawe, naye mumewe alishuka matetani. Adhuhuri Sungura alipokuja kuhesabu, alikuta mawe ishirini kileleni na Bwana Fisi pembeni yake, amejimwagia vumbi, anahema kama aliyefukuzwa na moto.

"Mawe ya leo mazito, mwalimu! Mgongo unawaka!"

"Naona," Sungura akajibu, huku akitazama nyayo zilizopanda kilima. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko mawe, kisha akaenda zake.

Mnofu ulipoletwa, Bwana Fisi aliusukuma kwa kijifupa cha kiboko alichokuwa akichokolea meno. "Nyama gani hii? Kama kutafuna kamba ya kitanda! Kula wewe, mama watoto, isitupwe."

Bi Siwema akawagawia watoto, na uliobaki akala. Keshoye akabeba tena. Juma la pili alikuwa akipanda bila kupumzika njiani. Juma la nne alikuwa akibeba mawe mawili kwa mara moja, ili awahi kurudi kwa wanawe. Mumewe hakuona. Alikuwa anajitazama mwenyewe.

Kusema kweli alipendeza, kama unapenda kibuyu. Usiku wa kuamkia siku ya arobaini aliinama kutazama misuli yake, akakuta tumbo limeziba njia. Jasho likamtoka. Lakini Bwana Fisi hakosi dawa. Akaokota mkaa wa kichaka kilichoungua, akajichora mistari: sita tumboni, minne kifuani, na mmoja wa ziada mgongoni kwa madoido. Kisha akajipaka shahamu ya kiboko mwili mzima, akang'aa kama jiwe la mtoni.

Kulipokucha wanyama wote walikuwa mwambani. Alipotokea, umati ukashangilia.

"Ona kifua kile!" akasema Nguruwe Pori.

"Ona tumbo lilivyogawanyika vipande!" akasema Kicheche.

Sungura akanusa hewa, akafumba jicho moja. "Nenda, mwanafunzi wangu," akasema. "Jiwe linakusubiri."

Bwana Fisi akaingiza kichwa. Mabega yakapita kwa utelezi wa shahamu. Akaiona chemchemi, akaliona jiwe, hata akaligusa kwa ncha ya kucha. Akajisukuma mbele, na tumbo likagoma. Akajivuta nyuma, tumbo likagoma vilevile. Mafuta ya nje yalimwingiza, ya ndani yakamfungia.

"Vipi huko?" Simba akanguruma.

"Natafakari, Mfalme!" ikajibu sauti kutoka mwambani.

Miguu ya nyuma ikapigapiga hewani. Kila alipojinyonga, mkaa ulibaki kwenye kingo za ufa, na umati ukaona misuli sita ikifutika mmoja mmoja. Safari hii hawakungoja kufika nyumbani. Walicheka pale pale.

Simba hakucheka. "Siku arobaini!" akasema, akatoa kucha. "Ngozi ya nyuma iko nje tayari. Nitaanzia hapo."

"Mama watoto!" Bwana Fisi akalia. "Mama watoto wee, nakufa!"

Bi Siwema akapenya katikati ya umati. Akaishika ile miguu, akakita visigino, akavuta mara moja. Bwana Fisi akachomoka kama kizibo, akabiringika mpaka miguuni kwa Sungura. Na kabla hawajamaliza kushangaa, Bi Siwema akavuta pumzi, akapita ufani ubavu ubavu, asikwaruze hata unyoya. Kisha ardhi ikatetema, jiwe likasogea, na maji yakatoka ufani yakiimba.

Watoto wake watatu ndio waliokuwa wa kwanza kunywa.

"Mwalimu," Bwana Fisi akanong'ona akiwa chini, "ulijua?"

"Mawe yalipandishwa na mtu na mnofu ukaliwa na mtu," Sungura akasema. "Nilitaka misuli, bwana. Sikujali itaota kwa nani. Ulimpa mwenzako mazoezi yako na chakula chako, ulitegemea akuachie nini?"

Simba akakohoa. "Tangu mwanzo nilimwona yule mama," akasema. Akaamuru maini yaletwe, kisha akamgeukia Bwana Fisi na kucha zake.

"Ngozi hiyo niachie, Mfalme," Bi Siwema akasema, maji yakimchuruzika. "Bado ina kazi. Baba watoto, bondeni kuna mawe ishirini. Kesho alfajiri."

Maini yalipofika, yeye na watoto wakala. Bwana Fisi akasogea, akatazamwa mara moja tu, akarudi nyuma akakaa. Na anayebisha aende akawatazame mwenyewe: hadi leo fisi wakipata mzoga, jike hula kwanza, na dume husimama pembeni, anameza mate, anangoja aambiwe.